Mkono wa Kuandikia

Nyumba ya Mwalimu Cornel pale Marui ilisifiwa mpaka sifa zenyewe zikachosha. Wenzake walipeleka watoto shule ya misheni. Yeye aliwafundisha wake tisa nyumbani, barazani, kwa ubao aliouchonga kwa mkono wake na chaki alizopewa na padri. Watoto wale walijua katekisimu yote, walijua hesabu za kugawanya, na nyimbo za Kilatini waliziimba bila kutazama kitabu. Mgeni akifika, mtoto mmoja alisimamishwa mbele yake, akamwaga majibu bila kukwama, na mgeni akaondoka akisema kweli Mungu amembariki katekista wetu. Hakuna aliyeuliza kwa nini watoto wenyewe walikuwa hawacheki.

Sheria ya nyumba ile nitaieleza kama Cornel mwenyewe alivyopenda kuieleza, maana hakuificha. Yeye alimfundisha kifungua mimba wake tu, Wilbrod. Wilbrod akamfundisha Honorata anayemfuata, Honorata akawafundisha wadogo. Na ilipofika sikukuu ya somo wa mtoto, yaani mtakatifu ambaye mtoto alibatizwa kwa jina lake, kuku walichinjwa, wali ukapikwa, majirani wakaitwa, na chakula kikakaa kimefunikwa kawa mpaka mwenye sikukuu aketi kwenye kigoda katikati ya baraza na kuulizwa maswali. Akikosa, hapigwi yeye. Anapewa fimbo ya henzirani, na yeye ndiye anayempiga yule aliyemfundisha, kiganjani, mkono wa kuandikia.

Cornel aliiona sheria hiyo tamu kabisa. Alisema mwalimu atafundisha kwa bidii kwa kuwa mkono ni wake, na mwanafunzi atajifunza kwa bidii kwa kuwa hataki kumuumiza nduguye. Alisema hayo huku akiwamiminia wageni chai, akitabasamu, na wageni nao wakatabasamu, kwani ukiwa umeshaalikwa wali wa watu utafanyaje. Kisha kawa zilifunuliwa na watu wakala. Aliyepigwa alikula pia, akishika tonge kwa ncha za vidole.

Mwaka ule vita vya Hitila vilikuwa vimekwisha juzi tu na kanga bado zilikuwa adimu madukani. Siku ya Mtakatifu Petro, kijana wao Petro alikosa jibu moja. Akampiga dada yake Honorata kidogo, kwa huruma. Baba akasema ile haikuwa fimbo, arudie. Akarudia. Baba akasema bado, akamshika Petro kiwiko na kumwonyesha namna ya kuinua bega, na safari hii fimbo ilipotua vidole viwili vya Honorata vilitoa mlio ambao hata jirani aliyekuwa anatafuna aliusikia. Msichana alikuwa na miaka kumi na sita. Hakulia, alikaa chini tu kama mtu aliyekatwa miguu.

Dresa wa dispensari ya Kisarawe alivifunga vile vidole kwa vijiti na kitambaa. Aliuliza ameangukia nini, mama akajibu ameangukia kinu. Dresa akamtazama mama, akasema vizuri, lakini ukiangukia tena kinu, mkono huu hautakunja vidole maisha. Na mkono huo ndio Honorata aliokuwa anautegemea, kwa sababu masista walikuwa wamekubali kumpokea mwezi wa tisa kwenye nyumba yao ya kushona, na baba mwenyewe alikuwa ameshatoa ruhusa. Msichana asiyeshika sindano hawana kazi naye. Kutoka pale barazani hakukuwa na mlango mwingine, na Honorata aliujua huo mmoja kwa moyo.

*

Mama yao aliitwa Ana tangu abatizwe. Kwao Kibuta, kwa wazazi Waislamu, alikuwa Mwanamkuu. Alibatizwa ili aolewe, akafundishwa majibu machache ya kutosha kupita mbele ya padri, kisha akazaa, akalima, akatwanga, akazaa tena, na yale majibu yakamtoka mmoja mmoja pamoja na watoto. Hakuna aliyemdai.

Hata Jumapili moja baada ya misa padri, mzee mwenye masihara yake, akamsimamisha mlangoni pa kanisa la kigango akamuuliza sakramenti ni ngapi. Ana alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine anamvuta kanga. Akasema ni tisa. Padri akacheka, akasema hizo ni hesabu za watoto wako, mama mwalimu. Watu wote wakacheka. Cornel naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote, na Ana alipousikia ule mcheko alijua kinachomngoja nyumbani.

Walipofika nyumbani Cornel alimpiga kwanza. Alimpigia jikoni, kwa mkanda, kimyakimya kama mtu anayepasua kuni zake. Alipomaliza alivaa mkanda, akapangusa jasho, ndipo akasema aliyokuwa ameyawaza njia nzima. Mwezi huuhuu ni sikukuu ya Mtakatifu Ana. Na yeye Ana atakaa kwenye kigoda mbele ya wageni kama mtoto yeyote wa nyumba ile.

"Atanifundisha nani?" Ana aliuliza.

"Honorata."

Ana alinyanyuka kutoka pale chini. "Mpe Wilbrod anifundishe, Baba Wilbrod. Mkono wa Honorata haujapona."

"Basi jifunze vizuri," Cornel akasema. "Ukijua kila kitu, nani atagusa mkono wa mtu?"

Hapo ndipo Ana alipoelewa alivyofungwa. Kupigwa alikuwa amezoea, na mwanamke aliyezoea kipigo anajua namna ya kukipokea, wapi ageuze bega, lini anyamaze. Lakini hii ilikuwa mpya. Mkono utakaovunja mkono wa mwanawe utakuwa wake mwenyewe.

*

Walijifunza popote. Walijifunza wakianika muhogo, wakipalilia, wakichota maji, Honorata akiuliza na mama akijibu huku jembe likienda. Na ajabu ni kwamba mama hakuwa mzito hata kidogo. Shambani alijibu yote, tena akauliza maswali ambayo Honorata mwenyewe hakuwa na majibu yake, kama vile kwa nini Adamu alikula na yeye halafu lawama zote zikaenda kwa mkewe. Shida ilikuwa Cornel. Kila akisikia kikohozi chake mbali, majibu yalimtoka Ana kichwani kama kuku waliorushiwa jiwe, akabaki ameachama.

Basi Honorata akabuni njia. Alivaa koti kuukuu la baba yake, akasimama nyuma ya mama na kuuliza kwa sauti nzito, akikohoa kama yeye. Mara ya kwanza Ana alilia. Mara ya pili alitetemeka lakini akajibu. Siku zilivyokwenda alijibu bila kutetemeka, na siku moja wakacheka wote wawili mpaka wakakaa chini kwenye matuta, mama ameshika mbavu, binti ameshika ule mkono wenye vijiti asije akaugonga. Nadhani ndiyo siku pekee mwaka ule mtu alicheka kwenye shamba lile.

Hata hivyo Ana hakutegemea majibu peke yake. Alimtuma mtu Kibuta kwa kaka yake Mwinjuma, amwambie kuna sikukuu, aje bila kukosa, aje na kisu chake maana kuku watachinjwa na yeye ili Waislamu walioalikwa wale kwa amani. Hilo la kuchinja lilikuwa desturi pale na Cornel hakulikataa. Lakini Ana alimwita kaka yake ili kuwe na mtu mmoja wa damu yake barazani. Alifikiri labda mbele ya shemeji yake Cornel ataona haya.

*

Siku ya Mtakatifu Ana ibada ya kigango iliongozwa na Cornel mwenyewe kwa sala tu, kwani padri alikuwa kwenye zamu yake Kibaha. Waliporudi baraza lilikuwa limefagiwa na mikeka imetandikwa. Wali ulikuwa tayari, kuku tayari, kawa juu yake. Jumbe Mwinyimadi alikuwepo na kanzu yake ya sherehe, na wazee wa kigango na wake zao, na Mwinjuma amekaa karibu na nguzo. Ukutani ilining'inia picha ya Mtakatifu Ana akiwa na binti yake Bikira Maria, kitabu kimefunuliwa katikati yao.

Kigoda kilikuwa cha watoto, kifupi, na Ana alipoketi magoti yalimfika kifuani. Cornel akamvisha shingoni kibao cha kuandikia, kama wanavyovaa watoto. Wake za wazee wakatazamana. Mwinjuma akataka kusema neno, dada yake akamtuliza kwa macho.

Maswali yakaanza na majibu yakaja. Nani aliyekuumba, sakramenti ni ngapi na zipi, dhambi ya asili ni nini, amri za Kanisa ni zipi. Ana aliangalia chini, akajifanya yuko shambani na nyuma yake amesimama Honorata na koti, akajibu yote, neno kwa neno, mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Honorata alikuwa amesimama pembeni kama ilivyo sheria, akaurudisha mkono wenye vijiti chini ya kanga.

Mambo yangeishia hapo na watu wangekula. Lakini Jumbe Mwinyimadi, mtu wa mzaha, akasema kwamba sasa mama mwalimu amempita mwalimu, kesho atamvisha yeye kibao. Watu wakacheka sana. Cornel akacheka nao, na Ana aliusikia mcheko uleule wa mlangoni kanisani.

"Bado swali moja," Cornel akasema. Akaonyesha ukutani. "Somo wako, Mtakatifu Ana. Alimfundisha nini binti yake?"

Swali hilo halikuwa kwenye katekisimu. Honorata alilijua hilo, Wilbrod alilijua, hata Cornel alilijua. Ana aliinua macho, akamwangalia binti yake badala ya picha.

"Alimfundisha kazi," akasema. "Kupika, kulima, kulea. Na kunyamaza."

"Umekosa. Alimfundisha kusoma. Kitabu hicho hapo, hukioni?"

Akaitoa henzirani juu ya mlango, akamwekea mkewe magotini. Honorata akasogea, akanyosha mkono wa kushoto. Baba yake akatikisa kichwa. Msichana akaurudisha, akanyosha wa kulia, vijiti bado vimefungwa.

Ana alisimama, kibao kinaning'inia kifuani. Aliishika fimbo kwa mikono miwili na kuitupa uani.

"Simpigi," alisema.

Kofi la kwanza lilimpiga mdomoni. La pili lilimwangusha juu ya kigoda, na kibao kikapasuka chini yake. Mwinjuma aliruka, lakini wazee wawili wakamshika wakimwambia taratibu, ndoa ya watu hiyo, nyumba ya watu hiyo. Taratibu! Mtu anapigwa teke la tumbo mbele ya wali na watu wazima wanaambiana taratibu. Wengine walikuwa wanaangalia kawa. Cornel alikwenda uani mwenyewe, akaiokota fimbo, akarudi, akamkamata Honorata kifundo cha mkono na kuubana mkono ule juu ya meza.

"Baba," Wilbrod akasema. "Niulize mimi kwanza."

Wilbrod alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mpole, na hakuwahi kukosa jibu tangu ajue kusema. Cornel alimwangalia bila kuelewa. Lakini wageni walikuwa wanatazama na kijana huyu alikuwa fahari yake, tena ilikuwa nafasi ya kuwaonyesha watu nyumba ile ni nyumba ya namna gani. Akamwachia Honorata mkono.

"Nani aliyekuumba?" akauliza.

"Sijui," Wilbrod akajibu.

Cornel akarudia swali, polepole, kama anayempa mtoto nafasi. Wilbrod akasema tena hajui. Kisha akaichukua henzirani kutoka mkononi mwa baba yake, bila kunyang'anya, kama anayepokea kitu alichopewa.

"Aliyenifundisha ni wewe," akasema. "Mkono wa kuandikia."

Hakuna mtu pale aliyekuwa hajaisikia ile sheria, kila mwaka, pamoja na chai. Cornel aliwatazama mmoja mmoja, Jumbe, wazee, wake zao, shemeji yake. Angeweza kukataa. Lakini alikuwa mtu wa majivuno kuliko mtu wa woga, akanyosha mkono.

Wilbrod alipiga jinsi Petro alivyofundishwa, bega likiinuka. Wilbrod akasema niulize tena. Baba yake akauliza, Wilbrod akasema hajui, akapiga. Swali la tatu lilitoka kwa sauti nyembamba. La nne halikutoka, na Wilbrod akapiga hivyo hivyo. Akapiga kiganja, akapiga kiwiko, na Cornel alipojikinga kichwa kwa mkono wa kushoto akaupiga na huo, mpaka ukalegea. Mzee akaanguka juu ya sinia, kawa zikatawanyika, na kijana akawa anampiga mgongoni, shingoni, masikioni, huku akitaja kwa sauti ya darasani majibu yote ya katekisimu kwa mpangilio wake, sahihi, bila kukwama hata moja.

Hao waliosema taratibu sasa walikuwa wamerudi nyuma mpaka ukutani. Aliyemwendea ni Ana. Alimkumbatia mwanawe kwa nyuma akimwambia basi, baba, basi, imetosha. Wilbrod akageuka na fimbo ikageuka naye. Ikampasua mama nyusi mpaka mfupa ukaonekana. Wilbrod aliona kwamba aliyempiga ni mama yake. Na bado aliinua mkono tena, na Mwinjuma ndiye aliyeudaka, akamlaza chini, akamkalia na Jumbe pamoja mpaka alipoacha kutaja majibu.

Wali ule haukuliwa na mtu.

*

Asubuhi yake Ana alifunga mizigo. Jicho lilikuwa limeziba, amelifunga kanga. Mwinjuma alikuwa nje na watoto wadogo, akiwapanga wa kutembea na wa kubebwa. Cornel alikuwa amelala chumbani, mikono yote miwili imevimba kama miguu ya mtu mwenye matende, hawezi kushika hata kikombe.

Ana alipotoka na furushi kichwani, na Honorata nyuma yake, alimkuta Wilbrod amekaa mlangoni kwenye kiti cha baba yake. Ile henzirani ilikuwa magotini mwake.

"Hakuna anayetoka kabla ya darasa," akasema.

Alisema kwa sauti yake mwenyewe, lakini maneno hayakuwa yake. Tekla, mdogo wa miaka sita aliyekuwa amemshika mama kanga, alianza kukaa chini kwa mazoea. Ana akamvuta akasimama. Namna ya kumwogopa mumewe aliijua, lakini kijana huyu ni mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe.

Kabla hajasema neno, Cornel akaongea kutoka ndani, kwa shida, midomo imevimba.

"Wazuie, Wilbrod. Jana ulipiga vizuri. Ulipiga kama mwalimu."

Miaka yote ile ya majibu yasiyokosewa, hilo ndilo neno la kwanza la sifa baba alilompa mwanawe. Wilbrod alilisikia. Uso ulimlegea, akatazama fimbo, akatazama kanga yenye damu kichwani kwa mama yake, akageukia ukuta na kutapika. Kisha akakisogeza kiti, njia ikawa wazi.

"Twende wote," Ana akamwambia.

Akatikisa kichwa. "Nani atamlisha?"

Ana alitaka kumgusa, akaogopa, na kwamba aliogopa ndilo lililomuumiza kuliko jicho. Akatoka.

Njia ya Kibuta inapita mashambani na umande ulikuwa bado haujakauka. Walitembea, Mwinjuma mbele na mtoto mabegani, Honorata ameuweka mkono wake wa kulia kifuani, kwenye mkunjo wa kanga. Vijiti vilikuwa vizima. Mwezi wa tisa haukuwa mbali.

Tekla ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Alimvuta mama akauliza kama huko kwa mjomba kutakuwa na darasa. Ana akamwambia lipo, Honorata atawafundisha mpaka aende kwa masista.

"Na mimi nikikosa, nampiga mkono gani? Huo umevunjika."

"Humpigi," Ana akasema. "Ukikosa, atakwambia umekosa, halafu atakwambia jibu."

"Kwa mdomo tu?"

"Kwa mdomo tu."

Tekla alimtazama mama yake usoni kuona kama ni kweli, kisha akacheka, kwa sababu alidhani anataniwa.